Wageni Uliowaingiza Uani kwa Mama

Alexandria, Virginia

Kwako mdogo wangu Idrisa,

Assalamu alaykum. Nakusalimu kwa sababu Mama alitulea hivyo, kwamba hata aliyenuna husalimu. Natumai u mzima, mkeo Rukia mzima, na kikohozi cha mtoto kimepoa. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Baridi imeanza kung'ata, basi la asubuhi linachelewa, na Bi Margaret, yule bibi wa Arlington ninayemtunza, bado anataka chai yake kabla sijavua koti. Hayo ndiyo ya huku. Sasa nisikilize, maana Jumamosi ulinikatia simu, na barua haina pa kukatia.

Nianzie mbali kidogo. Unajua kwamba mwezi wa nne Bi Margaret alinichukua Japani. Marehemu mumewe alikuwa askari, waliishi huko ujanani, naye alitaka kuiona tena kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mimi nilikwenda kumsukumia kiti chake cha magurudumu. Picha nilikutumia. Nisilokusimulia ni la mtaa mmoja wa kale pale Kyoto.

Tulikuwa watu sita, na mtembezaji wetu aliitwa Bwana Tanabe, mtu wa makamo, mzaliwa wa mtaa uleule. Kazi yake ni kama yako, Idi. Vichochoro vyembamba kama vyetu, kiti kikipita mtu mwingine hapiti. Nyumba za mbao zilizopiga weusi kwa umri, madirisha ya fito, na milangoni mapazia mafupi ya kitambaa. Watu wamenyunyiza maji mbele ya milango yao kutuliza vumbi, vilevile afanyavyo Mama asubuhi. Bwana Tanabe akatuonyesha mahali alipokuwa akishona majamvi fundi mmoja, na kisima walimokuwa wakiteka maji mabibi zake. Alisema kwa sauti ya chini, na sisi akatuomba tuseme chini.

"Humu watu wanaishi," alisema.

Miongoni mwetu alikuwamo mwanamme mmoja mwenye kamera kubwa. Tulipofika kwenye mlango mmoja akainua pazia kwa mkono wake, akatia kichwa. Ndani kibibi ameketi chini anamenya maharage, mguu mmoja kaunyoosha. Yule bwana akaanza kupiga picha, moja juu ya moja.

Bwana Tanabe hakupiga kelele. Alikwenda akasimama baina ya kamera na kibibi, kifua chake kikaziba kila kitu.

"Nimelipa," yule bwana akasema.

"Umenilipa mimi nikutembeze," Tanabe akamjibu. "Huyu mama hakukualika."

Kisha akageuka, akamwinamia kibibi mpaka nikaona kisogo chake, akaomba radhi kwa lugha yao, akalishusha pazia. Tulipotokea barabarani akamrejeshea yule bwana pesa zake mbele yetu sote, akamwambia matembezi yake yamekwisha.

Wallahi nilifurahi hata nikajigamba. Nikamwambia Bwana Tanabe, "Mdogo wangu naye anafanya kazi hii, Zanzibar, Mji Mkongwe." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimsalimie mwenzake. Salamu hizo wakati ule zilinipita kwa kusahau. Leo nakunyima kwa makusudi.

Maana Ijumaa, Wanjiku, Mkenya tunayepokezana naye zamu kwa Bi Margaret, aliingia jikoni anaangalia video ya watalii kwenye simu.

"Zuhura, hebu cheki hii. Huku si ni kwenu?"

Nikatazama. Mlango wetu. Ukumbi wetu. Ua wetu. Mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga imempanda magotini, kichwa wazi, zile nywele zake nyeupe ambazo wanaume wa mtaani hawajapata kuziona, na watalii wamemzunguka na simu zao. Na sauti yako, Idi, kwa Kiingereza chako cha kujitutumua: karibuni, haya ndiyo maisha halisi, pigeni picha, hapana neno. Mama akainua mkono kujiziba uso. Wao wakadhani anawapungia. Wakampungia na wao, wanacheka.

"Huyo mathe unamjua?" Wanjiku akaniuliza.

Nikasema simjui. Nimemkana mama yangu mzazi katika jiko la watu, kwa aibu uliyonivika wewe!

Ulipopata kazi uliniambia wewe si papasi wa kuwavamia wageni bandarini, wewe una kitambulisho shingoni. Hicho kitambulisho kimekupa ruhusa ya kufungua ua wa Mama?

Kesho yake nilimpigia Mama simu. Nikamuuliza kama wageni wako wanamsumbua.

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu," akasema. "Siku hizi nazi nakunia chumbani. Nafunga mlango."

"Na joto hilo, Mama?"

"Nafungua kidirisha."

Mama, na goti lake lile, anaburura mbuzi mpaka chumbani ajifiche katika nyumba yake mwenyewe! Ndipo nilipokupigia wewe, nawe ukaniambia mimi niko Amerika, nimekaa pazuri, sijui maisha ya huko, watalii wanataka kuona uhalisi. Ukakata. Basi uhalisi ndio huo: mama yako anakuna nazi kwa kujificha, anakukimbia wewe.

Rukia mpe salamu nyingi, mwambie sina neno naye. Mama kaniambia yeye Rukia alikukataza kuwaingiza wageni. Bi Mwanahija jirani nisalimie, na umshukuru kwa kumletea Mama dawa. Mjomba Khalfan usijisumbue kumficha, nimekwisha mweleza yote, na hasira zake unazijua.

Mama nilimuuliza anataka nikuambie nini. Nilidhani atasema usilete tena mtu.

"Mwambie apige hodi."

"Hao wageni, Mama?"

"Yeye," akasema. "Yeye Idi. Apige hodi, angoje nimjibu."

Umesikia? Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile. Basi nenda, mchana, peke yako, bila kitambulisho. Simama nje ya ule mlango uliokuwa ukiusukuma kwa teke ukitoka skuli, upige hodi, na ungoje. Asipojibu, rudi kwako, ukaende tena kesho.

Dada yako wa tumbo moja, utake usitake,

Zuhura