Osmundi Alidhani Mkutano Ni Sengu

Lituhi, ziwani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mama naye shikamoo. Kahawa imechanua huko juu? Na mguu wa Mama vipi, bado anaufunga kitambaa? Mimi na mjukuu wako Gaudensia ni wazima. Ameota meno mawili, na kila mwanamume akipita mlangoni anamwita "baba". Siku hizi hilo linaniliza.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Barua anakuletea mama Halima, yule anayepandisha dagaa wa usipa mnadani Namswea. Huyo huwezi kumkatia.

Baba, nina hasira. Heshima yako iko palepale, lakini nina hasira. Dada amenifikishia maneno yako: "Skola arudi na mtoto, huyo mvuta bangi abaki huko huko alikojianika." Sasa nisikilize na mimi, maana wewe umesikia ya kwenye simu za watu tu.

Kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya vijana wanaovuta bangi mitumbwini. Mgeni kutoka wilayani akasema, "Mwenye ushuhuda asimame, asiogope, hapa sote ni familia." Mume wangu Osmundi akasimama. Nilimvuta shati, hakukaa. Akasema, "Nilivuta nikiwa kijana, nikidhani inazuia baridi ya ziwani. Niliacha kabla sijaoa. Wadogo zangu, inaachika." Watu wakapiga makofi. Mgeni akampa mkono kabisa.

Baba, sengu yetu ndiyo iliyomponza. Unakumbuka alipokuja kuchumbia? Mlimkalisha senguni na wazee, mkala ugali sahani moja, kila mmoja akatoa la moyoni. Alisema haya haya, mbele yako. Babu akajibu, "Limesemwa, limekwisha, tuleni." Wewe ukamsogezea mboga, ukamwita mwanangu. Kwao ziwani hawana sengu. Aliipenda mno. Akafikiri popote watu wakikaa pamoja wakaitana familia, ukweli ukishasemwa unaishia hapo.

Haukuishia. Mtu alimrekodi, ikazunguka kwenye makundi ya simu, na haikupita wiki polisi wakaja. Akawaambia ni mambo ya zamani. Mmoja akamjibu, "Umekiri mwenyewe mbele ya kijiji kizima, unataka tulete ushahidi gani tena?" Wakapekua mpaka nepi za mtoto. Wakaibuka na kopo la majani makavu. Nikasema, "Afande, huo mchaichai. Nikuchemshie?" Mmoja alinusa akaanza kucheka, mwenzake akamkata jicho. Kopo wakaliacha, mtu wakamchukua.

Kituoni wakanitaka niandike maelezo kwamba nimewahi kumwona akivuta. "Andika tu mama, na wewe ukapumzike." Nikawaambia sijaona, na ningeona nisingeandika. Kumbe nilikuwa sawa. Mama mmoja karani wa mahakama aliniita pembeni, akasema mke halazimishwi kumtolea ushahidi mumewe. Akasema pia hakimu atauliza hiyo bangi yenyewe iko wapi. "Lakini kesi inapigwa tarehe, mwanangu, na mumeo anakaa ndani. Mtafutie wadhamini."

Basi ndiyo hivyo. Dhamana iko wazi. Wanataka watu wawili wenye barua za serikali za vijiji vyao. Mwenye mtumbwi anaofanyia kazi amekubali. Ndugu za mume wangu wamehamia upande wa Malawi. Wa pili ni wewe, Baba, sina mwingine.

Huku kwenye vichanja vya kuanikia usipa wenzangu wananitania kwa sauti. Jana mmoja alimwambia mteja wangu, "Usinunue kwa huyo, utakula ulewe." Nikamjibu, "Ungelewa wewe kwanza, maana kila siku unaonja wangu bila kuomba." Walicheka, na mteja akanunua. Hao nawamudu. Wewe ndiye unayeniumiza, kwa sababu wao hawakujua, wewe ulijua. Ulijua ukapokea mahari, ulijua ukatubariki. Leo unasema umeaibishwa na jambo ulilolisikia kabla yangu!

Kesi inaitwa Jumatatu ijayo asubuhi. Nitakuwa pale na Gaudensia mgongoni. Njoo na barua ya kijiji. Sikuombi useme uongo. Sema tu ulichokisema siku ile, kwamba huyu ni mwanao. Naamini utakuja. Nimeshafua shati lake jeupe la kutokea.

Msalimie Mama, umwambie nimeshona ile khanga aliyonipa ikawa mbeleko. Msalimie dada, asichoke kutubebea maneno. Babu mwambie mume wangu ndani ya mahabusu bado anamtaja.

Akitoka tutapanda Namswea sote watatu. Mtuwekee sengu, ugali sahani moja kama siku ile. Ila safari hii, Baba, yeye ameshasema vya kutosha. Wewe ndiye utakayeanza.

Ni mimi binti yako ambaye hajaacha kukupenda,
Skolastika, mama Gaudensia