Dada Fundi, Meneja Wako Bado Anatembea

Mwaka umezunguka, Dada, tangu ulipotuacha. Cherehani yako ipo pale pale dirishani, kifuniko chake tunakifuta vumbi, na wateja bado wanapita kuulizia kama kuna aliyeshika mkasi. Hayupo. Basi wanakaa kwenye benchi, wanaongea, jioni wanaondoka bila nguo. Ndivyo ulivyoiacha nyumba hii: kazi hakuna, watu tele.

Tunakukumbuka ukimpima mtu kiuno huku ukimpima na maisha yake, akitoka hapo umeshajua kama anahama, anaoa au anaachwa. Mtu akikuita mmbeya ulicheka. Ulisema husengenyi, unafuatilia maendeleo ya watu.

Na tunakumbuka sare za shule ulizowagawia watoto ambao kwao hakukuwa na kitu. Ulijifanya umekosea vipimo. "Mchukulie mwanao, mwenyewe ameikataa, itaniozea hapa." Fundi wa miaka yote ile, kumbe kila Januari anakosea vipimo! Hakuna mzazi aliyekuuliza, na wewe ulitaka iwe hivyo.

Chini ya meza ya kukatia alilala mbwa wako, Meneja. Jina alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyeingia bila kunuswa viatu, na kazi yenyewe hakufanya hata siku moja.

Wewe ndiye uliyegundua anaumwa. Sisi tulisema ni uzee na uvivu wa wakubwa. Hakulia, hakulalamika. Aliacha tu kuinuka kumpokea mumeo jioni, akawa anampigia mkia sakafuni akiwa amelala. Ukaona anavyokaa kwa upande, anavyolamba goti la nyuma lile lile mpaka manyoya yakaisha, anavyoteleza kwenye vigae kama bwana harusi mwenye viatu vipya. Ukampeleka kwa daktari wa mifugo, yule mama wa sauti ya chini, akakwambia ni baridi yabisi. Viungo vimelika na havitarudi kuwa vya ujana, ila maumivu yanaweza kupunguzwa, mbwa akaishi vizuri tu.

Ukarudi nyumbani ukafanya kwa mikono yako. Uliunganisha mabaki ya zulia ukayatandika toka mezani hadi mlangoni, apate pa kukanyagia. Ulimshonea mkanda wa jinzi wenye vishikio, wa kupita chini ya tumbo, ili apandishwe ngazi kwa heshima yake. Ulimpunguzia chakula, kwa kuwa uzito wote ule unabebwa na viungo vile vile vinavyouma, naye akatuangalia wiki nzima kama tuliomfukuza kazi. Na kidonge chake ulimpa mwenyewe, akishakula, kimefichwa ndani ya kipande cha ini. Kazi hiyo hukumwachia mtu. Wala hukusema kwa nini.

Sasa yaliyofuata, kwa kuwa hukupenda kuhadithiwa nusunusu, acha tukusimulie yote.

Baada ya kukuzika nyumba ilifurika. Kila mtu alitaka akufanyie jambo, na jambo lililokuwa karibu lilikuwa Meneja. Mama alimpa kidonge asubuhi. Kaka yetu alimpa mchana, akidhani Mama na majonzi yale amesahau. Sisi wadogo zako tulimpa jioni, tukiwalaumu wote wawili kimoyomoyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana kila mmoja alitaka iwe siri yake na wewe. Na Meneja, Dada, alikipokea kila kipande cha ini kwa uso wa kiumbe ambaye hajaonjeshwa kitu tangu juzi. Wifi yako naye akamwonea huruma, akamvunjia nusu ya dawa zake mwenyewe za goti. Alisema goti ni goti.

Haikuchukua muda. Siku moja Meneja aliliacha ini, akageukia ukuta. Tulidhani anakulilia. Halafu akatapika kwenye zulia, na kinyesi chake kikatoka cheusi, kinanata kama lami. Mama ndiye aliyekisafisha, na ndiye aliyesema hii siyo huzuni, tumpeleke sasa hivi.

Daktari akauliza nani anampa dawa. Tukajibu "mimi" kwa pamoja, kama darasa. Kisha kila mtu akamwangalia mwenzake.

Hakutugombeza. Alieleza taratibu kwamba dawa hizi za maumivu zikizidi zinachubua tumbo na kuzielemea figo, na kwamba weusi ule ni damu. Dawa ya binadamu ndiyo mbaya kabisa, nusu yake tu inaweza kumuua mbwa. Wifi yako alikaa kwenye kiti cha wenye paka akalia kuliko alivyolia msibani. Tulimbembeleza. Kati yetu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumnyooshea kidole.

Meneja akalazwa, akatundikiwa dripu, akatolewa damu ya kupima. Daktari alituambia bila kuzungusha: figo zikiwa zimeshindwa, la huruma litakuwa kumlaza usingizi asiamke. Tukasubiri majibu.

Hapo ndipo Shemeji alipofungua mdomo. Unamjua mumeo na yule mbwa, miaka wanagombea kochi na wewe unawaamua. Tangu tukuzike alikuwa anajibu ndiyo na hapana tu, chakula anakigusagusa, asubuhi hatoki chumbani mpaka agongewe. Tuliogopa, Dada. Tulikuwa tunaogopa kuliko tulivyosema. Sasa akasimama mbele ya daktari akauliza, "Akipona, dawa atampa nani?"

"Mtu mmoja. Mmoja tu."

"Basi ni mimi. Hawa wengine ni wageni wake."

Majibu yakaja: figo zimeyumba, lakini zinafanya kazi. Meneja akarudi nyumbani bila dawa yoyote ya maumivu, mpaka tumbo lipone, na hizo ndizo siku zilizokuwa ngumu. Shemeji alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akakikamua, akamkanda nyonga. Alimkata kucha. Alimtoa na mkanda wako, hatua chache hadi kwa jirani na kurudi, mara nyingi kwa siku, maana matembezi marefu ya mara moja yanamlaza kesho yake. Ili amtoe mbwa asubuhi, ilibidi kwanza atoke mwenyewe. Tulimwekea chai karibu na mlango.

Baadaye daktari alimwanzishia dawa nyingine, kidogokidogo, baada ya chakula, na damu inapimwa kila baada ya muda. Akikataa kula, akitapika, akinywa maji kupita kiasi, choo kikigeuka rangi, dawa inasimamishwa siku hiyo hiyo na mgonjwa anapelekwa. Shemeji ameyashika yote hayo kichwani. Vidonge vinakaa mfuko wa shati lake, na anayeviulizia anaonyeshwa mfuko, kisha anaonyeshwa mlango. Wageni wanaruhusiwa kumkuna masikio tu.

Kochi wanakalia wote wawili. Asubuhi tunamsikia mumeo akimpa Meneja habari za mtaa. Nusu yake ni uongo, wewe ungemsahihisha.

Daktari hakutuficha kwamba iko siku dawa haitatosha. Alituambia tuangalie: siku mbaya zikianza kuzidi nzuri, asipotaka tena kuinuka hata kwa sauti anayoipenda, tusimng'ang'anie kwa ajili yetu. Tuliliongea hilo sote, sebuleni, na kwa mara ya kwanza katika ukoo huu hakuna aliyemkatiza mwenzake. Atakayesema ni Shemeji, na akisema tutakubali.

Siku hiyo haijafika. Leo amekula, ametoka hadi getini kwa miguu yake, amembwekea fundi bomba bila sababu.

Ila Shemeji ameshatuambia ikifika itakuwaje. Ataingia naye mwenyewe chumba cha daktari, kichwa cha Meneja kikiwa mapajani pake, na hatatoka mpaka yaishe. Wewe ulituondokea hospitalini, muda wa kuona wagonjwa umekwisha, sote tuko upande wa pili wa mlango, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika kitasa. Hakuwahi kulizungumza kabla ya hapo, wala baada yake. Tulimjibu kwamba tutakwenda wote, na kama chumba hakitoshi, mlango utabaki wazi.

Wanaokukumbuka ni Mama, mumeo, wanao wawili, ambao wanakua na kufanana nawe kwa maneno, kaka yako na sisi wadogo zako, wifi yako, wateja wote wa benchi, na Meneja.

Lala kwa amani, Dada Fundi. Hakuna siku yetu ambayo hutakuwamo.