Sega la Kwanza ni la Ndege

Shangazi yangu,

Nakuandikia kwa woga, na najua ungecheka. "Mtoto wa kaka yangu huyu huogopa hata kivuli cha kuku," ulizoea kuwaambia wageni. Ni kweli. Tangu tukuzike sijabadilika. Lakini leo nimefanya jambo, na nataka wewe ulisikie kwanza.

Unakumbuka uliponipeleka kwenye baraza la madiwani? Ulikuwa diwani wa kwanza wa kabila letu, Waaweer wa msituni, kuingia mle, baada ya kushindwa kura mara mbili. Hawakukuwekea kiti. Diwani mmoja akakutania, "Mama Nyuki, mzinga umeuacha wapi?" Ukaketi sakafuni, ukaitandaza leso yako kama uko nyumbani. Ukazungumza Kiaweer kwanza, mpaka mwenyekiti akagonga meza: "Sema tuelewe!"

"Sisi tumewasikiliza miaka yote bila kuelewa," ukamjibu. "Nivumilieni kidogo."

Kisha ukayarudia yote kwa Kiswahili: msitu ni wetu, hatutoki. Wakakutoa nje. Kesho yake ukarudi, ukaketi palepale. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Hata udiwani haukukuachisha kumfuata ndege wa asali, yule anayewaita watu mpaka penye nyuki. Ulikata sega la kwanza ukamwekea juu ya jani. Nilipolinyooshea mkono ukanipiga kikofi: "La ndege hilo. Aliyekuonyesha njia hadhulumiwi." Ndiyo maana kila uliporudi kutoka mjini uliwapitia kwanza wale kina mama waliokuombea kura nyumba kwa nyumba, wakubwa wakakungoja.

Hapa Jidda, ndege wangu ni Zawadi, dada wa Kilifi anayefanya kazi za ndani mtaa wa Al-Nuzha. Yeye ndiye aliyemwambia madam wake kwamba kuna kijana anajua Kiarabu, nikapata ukarani katika ofisi ya wakala wa wafanyakazi wa ndani, mtaa wa Sharafiya. Leo akaletwa ofisini. Karatasi nilizopewa zilisema madam anamhamishia kabisa kwa dada yake Riyadh, nyumba ambayo Zawadi aliwahi kufungiwa chumbani na kunyang'anywa simu. Bosi, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini aliyenileta kazini, akaniambia kwa Kiarabu: "Mwambie ni wiki mbili tu, kusaidia harusi. Yalla."

"Anasemaje, ndugu yangu?" Zawadi akauliza. "Mbona umekauka hivyo?"

 Shangazi, ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, iko mikononi mwa mtu huyu. Nikamwambia Zawadi: "Anataka nikwambie ni wiki mbili. Si kweli. Hutarudi tena." Kisha nikamgeukia bosi, nikayarudia yote kwa Kiarabu, asije akasema nilimficha.

"Basi siendi," Zawadi akasema, akaketi sakafuni. "Wanibebe kama gunia la nazi."

Bosi akanifokea. "Halas! Toka, na kesho usije!"

Sikutoka. Nilivua viatu nikaketi kando ya Zawadi. 

Gari la Riyadh limeondoka bila yeye. Amelala kwa wenzake hapa Sharafiya, na ya kesho siyajui. Wakinirudisha, watanirudisha kwenye msitu ulioupigania. Waiite hiyo adhabu wakipenda. Ila kwanza nitakwenda kazini. Nikikuta wameondoa kiti changu, najua pa kukaa.

Pumzika, Mheshimiwa.

Mtoto wa kaka yako,
yule wa nyuma ya mlango