Vizazi Vitatu Chini ya Mashine

Jumanne, 5 Agosti 2025

Baridi ya leo hapa Cyrildene, mtaa wa Wachina huku kusini mwa Afrika! Vidole vimekufa ganzi. Nimempeleka Popo kupimwa mifupa. Popo — kwetu Tanga ni mnyama wa kuning'inia darini. Kwa Wachina hawa ni bibi mzaa mama. Mwaka wa nne huu namtunza, jina nimeshalizoea.

Watafiti wanataka familia za Kichina, vizazi vitatu. Basi wamekwenda wote: Popo, binti yake Glynis, mjukuu Jade. Kutolewa damu, kisha kulala chini ya mashine. Nesi kasema wanatafuta kwa nini mifupa dhaifu inafuata ukoo. Popo mwaka jana alivunjika mkono kwa kufungua chupa ya achari tu! Jade anacheka, ati yeye kaja kusindikiza wazee. Miaka ishirini na nne, netiboli kila Jumamosi.

Ijumaa, 15 Agosti

Majibu. Popo vibaya — tulijua. Glynis vibaya. Jade ana mifupa ya mwanamke wa miaka sitini.

Glynis kambishia daktari: mtoto kalelewa kwa maziwa, jua, mazoezi, kakosa nini? Daktari kasema hajakosa kitu. Chakula kinasaidia, lakini sehemu kubwa mtu huzaliwa nayo. Dawa wanazopewa wazee hawezi kumpa msichana anayetaka kuzaa. Ale vizuri, arudi baada ya miaka miwili.

Arudi kufanya nini? Kuambiwa tena?

Tukarudi kwa gari. Kila robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, Glynis anamtazama Jade kwenye kioo.

Jumapili, 17 Agosti

Popo hali chakula. Nimempikia uji wa mchele — kijiko kimoja, basi. Halafu akasema: Sumaiya, mama yangu alikufa amepinda, anatazama vidole vyake vya miguu. Nilidhani ni njaa. Nikaapa wangu watashiba. Wameshiba. Kumbe ni mimi.

Nikamwambia ni kazi ya Mungu, hakuna aliyechagua. Akanigeuzia mgongo, uso ukutani.

Laiti ningenyamaza.

Jumatano, 20 Agosti

Jade kaacha netiboli. Anashuka ngazi kidato kidato, kama mgonjwa. Jikoni kaniuliza: nikizaa msichana, je? Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaendelea kukata mpaka vikawa ujiuji.

Jioni, nyumbani kwangu Jeppestown, nimemsimulia jirani yangu Jocelyne, Mkongo, msusi. "Bachina si beko na makuta? Banunue dawa!" Nikamwambia pesa wanazo, dawa ya kumfaa Jade ndiyo haipo. Mikono yake ikasimama kwenye kichwa cha mteja. "Eish."

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika hospitali, kwenye korido.

Asubuhi Popo alitaka kwenda chooni peke yake — siku hizi hataki kumsumbua mtu. Nilikuwa uani naanika nguo. Kishindo! Nimemkuta sakafuni, mguu umegeukia nje. Nikapiga kelele, asiguswe! Glynis keshafika, keshamtia mikono kwapani, anamnyanyua. Nikasikia kah! — kama kijiti kikavu. Si Popo. Glynis kaketi palepale, mdomo wazi, mgongo umekataa.

Jade kaja mbio. Akasimama mlangoni, mikono mbele. Anataka kuwainua, hathubutu. Mama yake, kwa sauti ndogo: rudi nyuma, mwanangu. Rudi nyuma.

Akarudi. Mpaka ambulensi inafika hakukanyaga chumba kile.

Sasa ameketi kando yangu. Popo anasubiri kupasuliwa nyonga. Glynis bado yuko kwenye mashine, anapigwa picha ya mgongo.

Nesi katoka. Anamtaka ndugu, aje kutia sahihi ya upasuaji. Jade hajaondoka kitini. Nesi anaita tena.

Jade ananinyooshea mkono nimwinue.

Sijui nimshike wapi —