Mjomba, Neno Langu Liko Kwako

Nyumba ya Wasichana, Misheni,
Morogoro.
14 Februari 1912

Mpendwa Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye kambi ya reli, Tabora? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa kipupwe kimepona? Mimi mzima wa mwili. Mama, nasikia, analalamika mgongo, na mvua imekata njia ya Matombo mara mbili.

Nianze na hadithi ninayoisoma. Bruda wetu mmoja, Mwairishi, kabla hajafariki alitunga hadithi ya zamani ya nchi yake, akaiandika kwa Kiswahili katika daftari. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wenzangu tunaposhona. Ni habari za Brijita, binti wa Kikatoliki, na mfua chuma Mprotestanti wa ng'ambo ya mto. Lugha yao moja, Kristo wao mmoja, lakini hawateki maji kisima kimoja. Wewe Mwislamu utashangaa. Mimi nilishangaa pia, kisha nikaacha.

Maana nami nina wangu. Lukasi, mwalimu wa misheni ya Waprotestanti huko mlimani, alikuja karakana ya baba kuagiza madirisha ya shule. Alikuja mara nne kwa madirisha mawili. Novemba akatuma washenga. Baba akawarudisha, akasema heri anizike kuliko kuniozesha kwa watu waliomwacha Papa. Badala yake ameniahidi kwa Yohana, katekista aliyefiwa na mkewe, baada ya Pasaka.

Wiki mbili zilizopita nilifika pale Brijita anapofungiwa chumbani na babaye. Sauti ikanikatika mbele ya wote. Sista anayetusimamia akaniita kando, akaniuliza kwa upole, nami nikamweleza kila kitu. Nilidhani ananihurumia, na labda alinihurumia kweli. Lakini sasa daftari limo kabatini kwake, nami siruhusiwi tena kwenda mtoni, wala sokoni, wala kwa mama. Nashona, nasali, nalala. Nikisikia filimbi ya gari moshi nakukumbuka wewe.

Mwisho wa hadithi nilikuwa nimekwisha kuusoma peke yangu. Brijita aliruka ukuta, akavuka mto, akaolewa. Kwao jina lake halikutajwa tena, na mama yake alipokufa hakuna aliyekwenda kumwambia.

Jumapili baba alikuja na Padre, wakataka niseme nimekubali. Nikasema, "Baba, mimi ni mtoto wa ukoo wa mama. Neno langu liko kwa mjomba."

Ubatizo haujamtoa baba katika mila ya Kiluguru ya kumsikiliza mjomba. Akasema, "Basi na aseme. Lakini aseme kabla ya Pasaka."

Nakuomba uje, au umwandikie baba kwamba umemkubali Lukasi. Ukikataa sijui nitafanya nini, na hilo ndilo linaloniogopesha. Sitaki kuruka ukuta, mjomba. Nataka kutoka mlangoni, mchana, mama akinisindikiza.

Barua hii anaipeleka posta Chausiku, mama anayetuletea mboga. Jibu lipitie kwake, maana zangu hufunguliwa.

Nisalimie mkaza mjomba Shamsia na mdogo wangu Mosi. Mama naye angekusalimu, kama ningeruhusiwa kumwona.

Mungu, aliye mmoja kwako na kwangu, akulinde na vyuma vya reli.

Ni mimi mpwao nikupendaye, ninayekungoja,
Magdalena