Mabukwe, Tumbo la Nella Haliguswi

Mabukwe wangu, mama mkwe mpendwa,

Tangu tukuzike nazungumza nawe wakati wa rozari tu, na hapo maneno huwa ya haraka. Leo nimekaa chini nikuandikie kwa sababu Jumapili jina lako lilitajwa nyumbani kwetu hapa Nyakabiga, ukasingiziwa jambo ambalo hukulisema. Najua barua hii itasomwa na wengine. Waisome. Wenye mtoto kama wangu watajua naongea nini.

Unakumbuka Jumamosi za kwako Carama? Wajukuu wote wanaletwa kwako, na wewe asubuhi ushachuma majani ya umubirizi kwenye ua, ushayaponda, maji yake machungu yanapoa katika beseni. Kisha unaitoa ile pwari yako nyekundu, kipira cha mdomo mrefu cha kumtilia mtu maji kwa nyuma, na hapo hata mtoto aliyekuwa hajui kukimbia anajua. Lavema! Hakuna aliyepona. Mwenye mafua, lavema. Mwenye kusinzia shuleni, lavema. Deo mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akisikia unasugua beseni anakumbuka ana kazi mjini. "We Deo, unanificha nini? Hayo matako ni mi niliyaosha!" Majirani walicheka hadi barabarani.

Hukuwa na ubaya. Ndivyo ulivyolelewa, na mimi ndivyo nilivyolelewa. Kwetu tumbo likiwa safi, mtoto ni mzima.

Kisha ikafika zamu ya Nella. Alikuwa na miaka minne, hasemi, anazungusha vifuniko vya sufuria sakafuni, anakula wali mweupe na mkate mkavu, basi. Nilijua kuna kitu, sikuwa na jina lake. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma, choo hakiji, analia akijikunja. Tukamshika, mimi miguu, wewe mgongo. Sauti ile aliyoitoa, Mabukwe, haikuwa kilio cha wale wengine, wa kulia kisha kuomba ndizi. Tangu siku hiyo akifika kwenye geti lako analala chini, hapiti. Yeye aliyezoea kulalia mapaja yako akichezea shanga za rozari yako, hakutaka hata kuisikia harufu yako.

Mwingine angesema mtoto mkaidi. Wewe ulibeba kigoda ukakaa nje ya geti, juani, sahani ya wali mapajani, humwiti, humtazami. Kila tukija, unakaa. Wapita njia wanakuuliza, "Mama, wamekufukuza kwako?" Unajibu, "Ee, mupangaji mupya ni mukali." Hadi siku alipokuja mwenyewe, akachota wali kwa mkono. Ukaniambia bila kunigeukia: "Nilitaka kumutoa uchafu, nikamutoa imani. Huyu asiguswe tena." Ukaitundika pwari kwenye msumari.

Sasa sikia ya Jumapili. Tumetoka misa, chakula kiko mezani, wifi yangu Gode, binti yako mkubwa, akaja kutoka Kinanira na chupa kwenye mkoba na video kwenye simu. Ndani ya video kuna mwanaume mwenye koti jeupe. Anasema otisme, huo ambao wengine wanauita usonji, unaletwa na vijidudu vibaya vya tumboni, na mtoto akioshwa tumbo kwa dawa yake, juu na chini, wiki nzima, ataongea. Gode alikuwa amekwisha kumwombea Nella nafasi kwa huyo mtu siku ya Alhamisi.

"Si mi nasema, ni siyansi," aliniambia. "Zamani mulisema ni pepo, mukafunga, mukaomba. Sasa wamejua ni mikrobe. Mutoto aseme 'mama', we hautaki?"

Hapo aliniweza, Mabukwe. Kwa sababu nataka. Kuna siku nafua nguo nasikia sauti inaniita, nageuka mikono imejaa povu, kumbe ni redio ya jirani. Wewe uko mahali pa kweli, siwezi kukudanganya: niliiangalia ile chupa kama Eva alivyoliangalia tunda.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuuliza. Shule mimi niliishia la sita, siyansi siijui, ila mdomo wa kuuliza Mungu alinipa. Ile video ilikuwa imenifikia mapema kupitia akina mama wa kwaya, na dokta anayemwona Nella nilimwonyesha. Hakunicheka. Alisema ni kweli, tumboni mwa kila mtu mna vijidudu vingi sana, na vingi vinatufanyia kazi. Ni kweli pia kwamba wataalamu wanachunguza vile vya watoto wenye otisme, na mara nyingine wanakuta vinatofautiana na vya wenzao. Ila kipi kilitangulia, vijidudu au otisme? Mtoto anayekula wali mweupe kila siku ya Mungu, vijidudu vyake navyo vitafuata huo wali. "Bado tunatafuta, mama. Mutu akikuambia yeye amekwisha kupata, tena anauza chupa, umukimbie." Na lavema za majani makali, alisema, zinaweza kumchoma mtoto ndani na kumkausha maji.

Tumbo linalouma lenyewe hakulidharau. Alitupa dawa ya kulainisha choo, akasema maji kwa wingi, na papai siku Nella akikubali. Sasa analala. Hajigongi kichwa ukutani kama zamani. Otisme yake iko palepale. Ni Nella yuleyule, haumwi tumbo, na kwangu hiyo ni neema ya kupigia magoti.

Nikamweleza Gode haya yote. Akasikiliza kama mtu anayengoja basi.

"Aoshwe kidogo tu," akasema. "Mungu anapitia njia nyingi."

"Ziko nyingi, ndiyo. Ila ya matakoni apana."

Deo alipaliwa na maji. Gode hakucheka. Akalileta neno lake la mwisho: "Hata mama angekubali. Mama alituosha sisi wote."

Hapo nikasimama, nikaenda jikoni, nikarudi na pwari yako.

Tulipogawana vitu vyako wenzangu walichukua vitenge, mimi nikachukua hii, wakanicheka. Niliichemsha vizuri, usiwe na wasiwasi, nikaanza kupulizia mkaa nayo kwenye imbabura, jiko letu. Mwanzoni Nella akiiona anakimbilia uani. Nikafanya kama wewe getini: simwiti, simtazami, napuliza tu. Pole pole akasogea, akaugundua upepo. Sasa moto wa nyumba hii unawashwa na yeye.

Gode aliitambua mara moja. "Hiyo ni ya mama."

"Ni ya mama. Na mama ndiye aliitundika." Nikamwambia habari ya kigoda na geti. Hakuwa anazijua, miaka ile alikuwa anaishi Uvira. Nikamwambia: "Jina la mama usilitie ndani ya hiyo chupa. Mama aliona mutoto kwanza, mbele ya kuona tumbo."

Wakati huo Nella akaja kudai kitu chake. Akaichukua mkononi mwangu, akajipulizia upepo kwenye kope, akafumba macho. Kisha akamwendea shangazi yake, yeye ambaye hamwendei mtu, akampulizia shavuni. Fuu. Gode akabaki ameshika simu, video inaendelea kusema peke yake.

Usidhani alibadilika. Alifuta shavu akasema, "Mutoto akikosa kuongea, itakuwa juu yako." Nikamjibu iwe juu yangu, mabega ninayo. Deo, ambaye siku zote hunyamaza mbele ya dada yake, alimwekea chupa mkobani akaufunga. "Gode, tukusindikize."

Tangu hapo hajapiga simu. Wa kwaya wananitazama kama mtu aliyekataa muujiza. Wanitazame. Muujiza nimeuona: ulikuwa umekaa kwenye kigoda, juani, na sahani ya wali.

Leo ndiyo ile Alhamisi. Nella yuko hapa miguuni pangu, mkaa umeshika, na sufuria ya wali mweupe iko motoni. Kule alikoombewa nafasi, wamngoje.

Pumzika, Mabukwe. Na ukipata nafasi mbele ya Bwana, mwambie kwamba yule mtoto aliyemuumba tumboni mwangu nimemlinda mzima mzima, na vijidudu vyake.

Ni mimi mkazamwana wako,
Mama Nella