Uliyomwambia Nesi

Mayu, mama yangu,

Siku ile kliniki nesi alipouliza unajisikiaje, ulimjibu. Ni mimi ambaye sikulifikisha jibu lako. Hili sijamwambia mtu yeyote.

Ulikuwa umerudi kutoka Dar kubadilishwa valvu ya moyo, na hapa nyumbani wote walisema umepona. Shangazi akikukuta umelala mchana alikuwa anakutania: "Wifi, moyo mpya huo, mbona hautaki kupalilia pamba?" Hukucheka. Uligeukia ukutani. Wewe, uliyekuwa ukinicheka kwamba nikiita kuku hata vifaranga hawaji!

Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo kliniki nilikwenda kukutafsiria. Nesi aliuliza, "Mama analala? Analia? Bado kuna kitu kinampa raha?" Nikakuuliza kwa Kisukuma. Nilitegemea useme "mhola", kama tunavyomjibu kila anayetusalimia. Lakini ulisema mengi, kwa sauti ya chini. Kwamba walipokufungua kifua, kuna kitu hawakukirudisha. Kwamba unaisikia valvu ikigonga na unatamani inyamaze. Kwamba ukitutazama tunakula, unatuona kama watoto wa mtu mwingine.

Benchi lilikuwa limejaa. Msichana wa darasani kwetu alikuwepo na mama yake. Niliogopa watasema mama yangu amechanganyikiwa. Nikamwambia nesi, "Anasema hajambo. Amechoka tu na safari."

Neno hajambo ulilijua, Mayu. Ulinitazama, ukafunga kanga yako vizuri, ukanyanyuka.

Hukumwambia mtu tena. Vidonge vya kuzuia damu isigande ukaanza kuviruka, unasema utakunywa baadaye, na mimi nikakubali hiyo baadaye. Mpaka asubuhi ile mkono wako uliposhindwa kushika kikombe. Jioni hukuwa nasi.

Nimemaliza kidato cha nne. Baba ndiye anayepika siku nikiwa shambani; ugali wake ni mgumu, mdogo wangu anaula bila kulalamika. Baada ya mazishi daktari alitueleza kwamba wengi wakishapasuliwa moyo hupata huzuni ya namna hiyo, kwamba ni ugonjwa na ungetibika kama kliniki wangejua mapema. Baba akatikisa kichwa: "Mke wangu alikuwa msiri. Laiti angesema."

Mayu, analirudia kwa kila anayekuja kutupa pole. Laiti angesema. Nami nasimama pale na sinia la chai, nimenyamaza, wewe unabebeshwa ukimya wangu.

Nisamehe. Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia Baba kwamba ulisema. Nitamwambia yote, kwa Kisukuma, kama ulivyoyatamka, bila kupunguza. Akinichukia, basi.

Pumzika, Mayu. Mpaka hiyo Jumapili, jambo hili libaki kwetu wawili. Bibi naye, aliyekutangulia, kama mmeshaonana huko, tafadhali usimwambie.

Binti yako